MSHONO CHINI YA RANGI

Ufunguo uko mkononi mwa Cheche. Nyie mliolala roho juu wiki nzima, shusheni pumzi, bado hajanyang'anywa.

Injini imezimwa. Uwanja wote, pale nyuma ya ghala la zamani la unga, umegeuka kumtazama yeye. Katikati imesimama pikipiki ya rangi ya zambarau, ndefu, imelala mbele, inang'aa mpaka inaumiza macho. Wanaiita Malkia. Mbele amekaa Mng'aro na miwani yake ya jua. Nyuma yake amekaa Kitinda, mdogo wake Cheche, baba mmoja mama mmoja, na mikono yake iko kiunoni mwa mwanamume ambaye mpaka mwaka jana alikuwa mume wa dada yake.

"Shuka," Cheche akamwambia mdogo wake.

"Dada, usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu? Wewe unaijua aibu, Kitinda? Shuka hapo. Shingo ya hiyo fremu haijachomelewa."

Minong'ono ikaanza. Mng'aro akavua miwani taratibu, akaifuta kwa shati, akacheka kicheko cha mtu anayetaka wengine wacheke naye. Wakacheka.

"Jamani, nimewaambia tangu asubuhi," akasema. "Nilijua tu atakuja."

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo, nakupa mambo kwa ufupi, maana sina muda na wewe huna.

Hawa ni watu wenye kazi zao. Mmoja ni daktari wa meno, mwingine mwalimu wa hesabu, mwingine dereva wa lori. Wana ugonjwa mmoja tu: wanaokota pikipiki iliyokufa, wanaikata, wanaiunganisha upya, wanaivalisha tangi na kiti cha kubuni wenyewe mpaka mama yake aliyeizaa asiitambue. Hawauzi. Wanaziunda kwa mapenzi, na wake zao na waume zao wanawavumilia.

Na wana sheria moja. Pikipiki haiitwi pikipiki mpaka aliyeiunda atoke nayo getini, ashuke mteremko mpaka njia panda na kurudi, na nyuma yake awe amempakia mtu wa nyumbani kwake. Sio rafiki wala jirani. Mtu wa nyumbani. Ukiogopa kumpakia wako, basi hiyo uliyoiunda ni sanamu, ikokote ukaifunike turubai.

Kitinda ndiye mtu wa nyumbani kwa Mng'aro siku hizi. Mnaona mambo?

Sasa, aliyeianza Malkia ni Cheche. Cheche ni mshonaji wa viti vya magari, lakini jina la Cheche alilipata kwa kuchomelea vyuma, akiwa stoo nyuma ya nyumba yake kila alipopata nafasi. Mng'aro ni muuza rangi. Tusimnyime haki yake: akikupakia rangi, nzi atateleza. Lakini kuchomelea? Hata bawaba ya mlango wa kuku hawezi.

Shingo ya fremu ni kile chuma cha mbele kinachoshika usukani na miguu ya gurudumu. Cheche aliikata, akailaza mbele ili Malkia iwe na ule mkao wa kujinyoosha. Baada ya hapo inatakiwa ichomelewe upya kwenye maungio mawili, la juu na la chini. Yeye aliishikiza tu kwanza, nukta tatu juu, nukta tatu chini, kama anavyoshikiza kitambaa cha kiti kabla ya kukipitisha cherehani. Alitaka kuutazama mkao kwanza. Akasema kesho nitapiga mshono kamili.

Kesho yake akapigiwa simu kwamba mama yao yuko hoi. Akazima mashine, akaondoka, akamuuguza mama mpaka wakamzika.

Aliporudi, fremu ilikuwa imeshapakwa puti kwenye maungio, ule udongo laini wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, ikalainishwa, ikapigwa rangi ya kijivu ya chini. "Nimeipaka isishike kutu," Mng'aro akamwambia. Macho ya Cheche yalikuwa bado yamevimba kwa kilio, hakuuliza kitu. Haukupita muda, mume akahama na nguo zake, na fremu akaibeba. Halafu ndipo dunia ikamwambia amehamia kwa nani.

Asubuhi ya siku hii ya uwanjani, na hili mlilisoma hapa hapa, akamsikia Mng'aro akijisifu kwa watu: "Kila mshono wa Malkia ni mkono wangu huu. Fundi mwingine hajaigusa." Kama hakuna fundi aliyeigusa, basi chini ya ile puti zimo nukta zake sita peke yake. Breki moja kali, shingo inang'oka.

Ndiyo maana akakimbia mpaka pale uwanjani. Ndiyo maana akachomoa ufunguo. Kuna msomaji alinisimamisha sokoni akaniambia huyo mwanamke ana wivu tu. Wivu anao! Nani amekwambia hana? Lakini alikimbia.

Haya, turudi uwanjani.

Mwenyekiti wa kikundi, Daktari wa Meno, akajipenyeza katikati. Ni mtu mnene, mpole, anayemwongelesha kila mtu kama amefungua mdomo kwenye kiti chake.

"Shemeji, tulia kidogo," akamwambia Cheche.

"Shemeji yako ni yule pale aliyekaa nyuma. Mimi niite Cheche."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Sawa, Cheche. Unasema haijachomelewa. Una uhakika?"

"Niliishikiza kwa mkono wangu. Nukta sita. Huyu akaja akapaka puti juu yake. Muulize ameichomelea wapi, kwa mashine ipi."

"Mashine yako!" Mng'aro akadakia. "Nilikuwa mumeo, au umesahau?"

Watu wakaangua kicheko. Dereva wa lori akapiga mluzi. Cheche alitamani ardhi ipasuke, ila alijikaza.

"Basi tukwangue kidogo tuone," akasema Daktari. "Ni suala la kukwangua tu."

Hapo Mng'aro akabadilika rangi. Aliruka kutoka kwenye kiti, akasimama mbele ya Malkia amepanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Kukwangua? Unajua nimepaka matabaka mangapi hapa? Unajua kila tabaka nimelisugua kwa msasa wa maji mpaka vidole vikatoka damu? Mwanamke ana hasira zake, ndio mimi nikwangue rangi?"

"Rangi utapaka nyingine," akasema Cheche. "Shingo ya Kitinda utapaka nini?"

Kitinda akashuka. Alishuka polepole, mguu mmoja kisha mwingine, akasimama pembeni amekumbatia helmeti yake. Hakumtazama dada yake.

Mng'aro akamsogelea Cheche karibu sana, mpaka Cheche akasikia harufu ya manukato ambayo yeye ndiye aliyekuwa akimnunulia.

"Unaniharibia," akamnong'oneza. "Wote hawa wanajua niliiunda mimi. Nikikubali kukwangua, nimekubali kwamba sijui nilichokichoma. Niache leo, tafadhali. Ninakuomba."

"Kwa hiyo hukuchomelea."

Sasa mtazameni mtu huyu vizuri. Alifikicha kidevu, akaitazama pikipiki, akamtazama Kitinda, kisha uso wake ukafunguka ghafla. Akageukia watu na sauti ikapanda.

"Haya! Nisije nikaonekana mwoga. Akwangue! Lakini ukikutwa mshono kamili, huyu aniombe radhi mbele yenu wote, na asikanyage tena uwanja huu maisha yake yote. Anakubali?"

"Nakubali," akasema Cheche.

"Na atakwangua hapa." Akaweka kidole juu, kwenye maungio ya juu, chini kidogo ya usukani. "Hapa tu. Sitaki anichimbechimbe pikipiki nzima."

Cheche alitakiwa ashtuke hapo. Mimi ningeshtuka, na wewe pia. Lakini hasira ikishakaa machoni, mtu haoni mtego ulio puani. Akatoa bisibisi kwenye mfuko wa aproni, akatoa na kipande cha msasa, akapiga magoti mbele ya Malkia.

Rangi ikatoka kwa shida. Zambarau kwanza, kisha kijivu, kisha puti nyeupe ikamwagika chini kama unga. Mng'aro alifumba macho kila bisibisi ilipokwaruza. Watu wakasogea mpaka wakamziba Cheche mwanga.

"Rudini nyuma," akawafokea. "Nyie mnataka kuona, na mimi je?"

Akasugua kwa msasa. Chuma kikaanza kutokea, kikawaka. Akasugua tena. Kisha mkono wake ukasimama.

"Vipi?" akauliza Daktari.

Daktari akainama naye, akatoa ile tochi yake ndogo ya kumulikia meno, akamulika.

Chini ya puti palikuwa na mshono. Mshono kamili, mzuri, umezunguka maungio yote bila kukatika, magamba yake yamepangana vizuri.

"Umechomelewa," Daktari akatangaza. "Umechomelewa vizuri kabisa."

Uwanja ukalipuka. Makofi, miluzi, honi za pikipiki. Dereva wa lori akambeba Mng'aro juu juu. Mwalimu wa hesabu, ambaye zamani alikuwa akija kwa Cheche kuazima vifaa kila mara, akamtazama yule mwanamke aliyepiga magoti na kutikisa kichwa kwa huruma. Na huruma ile, jamani, ilimchoma kuliko vicheko vyote.

"Mnaona?" Mng'aro alikuwa anapiga kelele kutoka mabegani kwa mwenzake. "Mnaona mkono wangu?"

Lakini Cheche hakuwa anawasikiliza. Alikuwa bado anautazama ule mshono, uso karibu uguse chuma.

Kila mchomeleaji ana mwandiko wake. Anayetumia mkono wa kulia, magamba ya mshono wake hulalia upande mmoja. Haya yalikuwa yamelalia upande wa pili. Mshono huu ulipigwa na mtu wa mashoto. Mng'aro ni wa kulia. Na katika watu wote waliowahi kuingia kwenye stoo ya Cheche, wa mashoto alikuwa mmoja tu. Cheche mwenyewe alimfundisha. Alimshika ule mkono wa kushoto akauongoza juu ya chuma, akamcheka, akamwambia unashona kinyumenyume wewe, utafikiri unarudi nyumbani.

Kitinda.

Akajaribu kujidanganya. Labda alichomelea baadaye, huko walikohamia. Lakini puti ile nyeupe ilikuwa juu ya mshono, na rangi ya kijivu ilikuwa juu ya puti. Na kijivu hicho yeye alikikuta tayari siku aliyotoka kumzika mama yake. Maana yake mshono huu ulipigwa stoo kwake, kwa mashine yake, wakati yeye hayupo. Wakati gani? Hamhitaji kuambiwa.

Akainuka. Magoti yalikuwa yamejaa vumbi jeupe.

"Mng'aro," akaita. "Uliuchomelea lini?"

"Ulipokuwa kwenu!" Mng'aro akajibu kwa sauti ili wote wasikie, mjinga yule, hakujua anajichimbia. "Wewe uko kwenu, mimi nipo stoo nahangaika na cheche peke yangu, nikitaka ukirudi ukute kazi imekwisha. Na hayo ndiyo malipo yangu!"

"Maskini!" akasema mtu.

Cheche akageuza shingo, akamtafuta Kitinda. Kitinda alikuwa amepauka.

"Njoo," Cheche akamwambia.

Wakasogea mpaka kwenye ukuta wa ghala, penye kivuli. Nyuma yao watu walikuwa bado wanashangilia, hakuna aliyewajali.

"Ni mshono wako," akasema Cheche.

"Dada..."

"Usiniite dada kwanza. Ni wako au si wako?"

"Ni wangu."

"Uliniambia kazi zimebana. Kila nilipokupigia. Kazi zimebana, dada, nitakuja Jumapili. Ikija Jumapili, nitakuja Jumapili nyingine."

Kitinda akaanza kulia, kile kilio chake cha tangu utotoni, cha kuuma mdomo wa chini.

"Alinipigia yeye," akasema. "Aliniambia, dada yako ana huzuni, tumalize fremu tumshangaze akirudi. Naapa, nilikuja kwa ajili yako. Nilijua utafurahi. Nikaja siku ya kwanza, nikaja ya pili..."

"Kisha?"

"Kisha nikabaki."

Hebu sikilizeni jibu hilo. Kisha nikabaki! Kama mtu aliyenyeshewa na mvua akasubiri ikatike.

"Mlinikalia pale sebuleni kwangu," akasema Cheche, "mkaniapia kwamba mlianza baada ya yeye kuhama. Uliapa kwa kaburi la mama."

"Niliogopa."

"Unajua mama alikuwa anafanyaje?" Sauti ya Cheche ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyomtisha Kitinda. "Mlango ukilia tu anauliza, 'Kitinda huyo?' Namwambia hapana mama, ni jirani ameleta maji. Anafumba macho. Mlango ukilia tena, 'Kitinda huyo?' Hata siku ya mwisho aliuliza. Mimi nikamwambia yuko njiani. Nilimdanganya mama yangu akifa, kwa ajili yako. Na wewe ulikuwa stoo kwangu, umevaa kinga yangu ya uso."

Kitinda akateleza na ukuta mpaka akachuchumaa. Akajifunika uso kwa mikono miwili. Cheche alisimama juu yake anamtazama, na sitawaficha, wasomaji wangu, katika macho yale hapakuwa na udugu hata chembe.

"Sikujua alikuwa ananiuliza," Kitinda akasema kwa kwikwi.

"Ungejuaje? Hukuja."

Kwa mbali Daktari akaita. "Jamani, tumalize! Jua linakwenda!"

Kitinda akafuta uso kwa kiganja. Akainuka. Na hapo ndipo aliposema neno ambalo angelimeza, hadithi hii ingeishia hapa leo na mimi ningelala mapema.

"Nilipiga wa juu tu," akasema. "Wa chini lazima ulale chali chini ya fremu, cheche zinakuingia shingoni, niliogopa. Yeye akaniambia niache, ataumalizia mwenyewe."

Cheche akamtazama.

"Nani ataumalizia?"

"Mng'aro."

Cheche alirudi uwanjani kwa mwendo wa kawaida, kama mtu aliyesahau kitambaa chake. Malkia ilikuwa peke yake, watu wote wamemzunguka Mng'aro wanampa mikono. Akachuchumaa mbele ya gurudumu, akapitisha mkono chini ya shingo, kwenye maungio ya chini, mahali ambapo jicho halifiki. Akasukuma ncha ya bisibisi.

Ikazama kama kwenye mkate.

Akaizungusha. Kipande cha puti kikabanduka kikamwangukia kiganjani. Akaingiza kidole penye tundu. Akagusa nukta moja, ya pili, ya tatu. Zile zile zake. Katikati yake palikuwa wazi, hewa tupu, ukucha wake ukapita. Na mshono wa juu peke yake haushiki breki kali.

Mng'aro hakuumaliza. Bila shaka hakuumaliza, angeumalizaje? Alijaza puti, akalainisha, akapaka, akaona inang'aa, akaamini. Watu wa rangi ndivyo walivyo, kikishang'aa wanasema kimepona.

"Unatafuta nini tena huko chini?"

Ni Mng'aro mwenyewe, amesimama juu yake, mikono kiunoni. Uwanja mzima ulikuwa nyuma yake.

Hapa sasa, wasomaji wangu. Cheche alikuwa na nafasi. Angesema tu, njooni mtazame na huku. Daktari angeleta tochi yake, wangeona, heshima yake ingerudi yote, na Mng'aro angetembea kwa miguu mpaka anakufa. Neno lilikuwa kwenye ulimi.

Akaufunga mkono wake wenye puti.

"Nafuta vumbi," akasema.

"Basi inuka, tunasubiri radhi yetu."

Akainuka. Akawageukia watu wale, wengine waliwahi kula mezani kwake, na kuomba maji, na kulalia kochi lake.

"Niliwaambia haijachomelewa," akasema. "Mmeuona mshono. Ni mzuri. Nisameheni."

Wachache wakapiga makofi ya adabu. Mng'aro akanyoosha kiganja. Cheche akaweka ufunguo juu yake.

Injini ikawaka. Moshi ukatoka, sauti ikagonga kuta za ghala na kurudi. Geti likafunguliwa. Mng'aro akavaa miwani yake, akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja, kiti ambacho Cheche alikishona kwa mkono wake mwenyewe.

"Mtu wa nyumbani!" akaita. "Twende!"

Kitinda hakupanda. Alimjia dada yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ameacha kulia.

"Dada. Ulipitisha mkono kule chini. Nilikuona."

"Uliniona."

"Kumemalizwa?"

Cheche akaikaza ngumi yake.

"Yeye kwenye mambo ya chuma simwamini," Kitinda akasema haraka haraka, akichungulia asisikike. "Sijawahi kumwamini. Nakuamini wewe. Najua umenichukia, na una haki. Lakini kwenye chuma hujawahi kumdanganya mtu. Ukisema nisipande, sipandi, anifukuze akitaka. Ukisema nipande, napanda. Nipande?"

"Kitinda, tunachelewa!" akaita Mng'aro.

Cheche aliitazama sura ile. Pua ya mama yao. Paji la mama yao. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa amezaliwa na sura nyingine.

Akachukua helmeti mikononi mwa mdogo wake. Akamvalisha. Akamfunga mkanda chini ya kidevu, akaukaza, akapitisha kidole kuona kama haumkabi, vile alivyokuwa akimfunga vifungo vya sare akienda shule.

"Panda," akasema.

Kitinda akamshika mkono, akaubana, akakimbia. Akapanda. Mikono ikazunguka kiuno cha Mng'aro. Malkia ikanguruma, ikapita katikati ya watu, ikatoka getini, na zambarau ile ikapotea nyuma ya ukuta. Watu wakashangilia mpaka wengine wakarusha kofia.

Daktari wa Meno akaja kusimama kando ya Cheche. Moyo wake ni mwema yule mtu, alikuja kumpa pole.

"Usijali sana," akamwambia. "Nitazungumza nao. Miezi miwili mitatu watasahau, utarudi." Kisha akaona ngumi yake. "Umeshika nini?"

Cheche akafungua kiganja.

Kilikuwa kipande cha puti, kinene kama kidole gumba. Upande mmoja zambarau, upande mwingine mweupe. Daktari akakichukua, akakigeuza, akakibonyeza kwa ukucha. Yeye kazi yake ya kila siku ni kuziba matundu kwenye vinywa vya watu. Akaacha kutabasamu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Maungio ya chini."

"Na nyuma yake kuna nini?"

Cheche alikuwa anatazama getini.

"Nukta zangu tatu," akasema.

"Na umemwambia apande?" Daktari akamshika bega, akamtikisa. "Cheche! Mdogo wako umemwambia apande?"

Cheche akapiga hatua moja kuelekea getini, akasimama. Daktari akamwachia, akatupa kile kipande chini, akakimbia kuelekea getini na unene wake wote, akipiga kelele hata maneno hayaeleweki.

Hakuwa amefika. Kule chini, kwenye njia panda, breki zikalia.